Picha ni ya nani, na sura ni ya nani?

Swali: Niliolewa mwaka juzi hapa Mombasa. Usiku wa kupamba ulikuwa wa wanawake watupu, na simu zilikusanywa mlangoni. Mama ndiye aliyemtafuta mpiga picha na kumlipa, naye pia alikuwa mwanamke. Mwezi uliopita nilioneshwa picha yangu ya usiku ule, kichwa wazi, kwenye ukurasa wa Instagram wa mpambaji wangu, na hiyo hiyo imechapishwa kwenye bango la duka lake. Nilipomwomba aitoe alinijibu kwamba urembo ule ni kazi ya mikono yake, na kwamba mpiga picha, ambaye ndiye mwenye hakimiliki, amempa ruhusa. Sasa kundi la WhatsApp la familia limegawanyika. Binamu mmoja anashikilia kwamba picha ni yangu kwa sababu tumeilipia. Mwingine anasema wanawake mia tatu waliniona, kwa hivyo hakuna siri ya kulindwa. Wa tatu ananiuliza nina haki gani ya kulalamika ilhali mimi mwenyewe hupakua filamu bila kulipa. Mdogo wangu anaolewa baada ya Ramadhani, nami sitaki yamfike haya. Mwenye haki ni nani? – Bi. Z., Mombasa

Jibu: Bi. Z., pole kwa yaliyokufika. Nitaanza na jibu lenyewe ili usisome kwa wasiwasi. Kwa sheria za Kenya, na kwa maelezo uliyonipa, mpambaji wako hana ruhusa ya kuitumia picha hiyo kutangaza biashara yake, na hata kama kila analolisema kuhusu hakimiliki lingekuwa kweli, bado asingekuwa nayo. Mabishano ya jamaa zako yamerefuka kwa sababu wote wanajibu swali la "picha ni ya nani", na ndani ya swali hilo yamo maswali mawili, kila moja likiwa na sheria yake, mwenye haki wake na ofisi yake ya kupeleka malalamiko. Kwanza, ni nani awezaye kuruhusu picha inakiliwe? Pili, ni nani awezaye kuruhusu sura ya mtu itumiwe? Mtu akilijibu la kwanza, kisha akalichukua jibu hilo na kulibandika kwenye la pili, huonekana ameshinda ubishi ilhali hajaligusa jambo ulilouliza.

Mtu wa Mombasa hapaswi kutaabika kulielewa hili. Kuna mitaa yetu, Majengo ukiwa mmojawapo, ambako nyumba ni ya mtu huyu na ardhi iliyobeba nyumba ni ya mtu yule. Mwenye nyumba huipangisha, huirithisha na huiuza, lakini kuwa na nyumba hakujampa hata inchi moja ya ardhi ya kuuza, na mwenye ardhi naye hawezi kuingia sebuleni akasema amefika kwake. Haki mbili zimekaa mahali pamoja bila moja kuimeza nyingine, na ndivyo zilivyokaa haki mbili ndani ya picha yako.

Tuitazame hakimiliki kwanza, kwa kuwa ndiyo ngao aliyoishika mpambaji. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaihesabu picha kuwa ni kazi ya sanaa, na inamtambua mtunzi wake kuwa ni yule aliyehusika na mpangilio wake, yaani aliyeamua uketi vipi, mwanga ukuangukie kutoka upande gani, na kipi kiingie ndani ya picha na kipi kibaki nje. Haki hiyo haihitaji kusajiliwa ndipo iwepo. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993, hauruhusu haki ya mtunzi ifungwe kwenye usajili. Mpaka hapo mpiga picha wenu yuko sawa. Lakini kifungu cha 31 cha sheria hiyo hiyo kinasema kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mtu, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa huyo aliyeiagiza, isipokuwa wenyewe wawe wamekubaliana vingine. Wapiga picha wengi, hata wenye uzoefu wa miaka, hawalijui hili, na sidhani ni kwa nia mbaya: mengi yanayoandikwa mtandaoni kuhusu hakimiliki ya picha za harusi yanatoka Marekani, ambako kwa kawaida mpiga picha wa kujitegemea hubaki na haki yake mpaka aiuze kwa maandishi, na watu huyachukua maelezo hayo kana kwamba ndiyo sheria ya kila nchi.

Kwa hivyo binamu yako wa kwanza ameukaribia ukweli, ila kwa njia nyingine. Haki haikuhama kwa sababu ya fedha peke yake, bali kwa sababu kazi iliagizwa, na aliyeiagiza si wewe, ni mama yako. Kama hakuna mkataba uliosema vingine, mwenye hakimiliki ya picha zile ni mama, na mpiga picha alimpa mpambaji ruhusa ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo tena.

Hapo ndipo ningependa usimame kidogo. Tuseme mama, kwa ukarimu tu na bila kuwaza zaidi, ndiye aliyemwambia mpambaji aitumie picha ile. Angekuwa ametoa ruhusa halali ya kunakili kazi ambayo hakimiliki yake ni yake. Idhini ya kuitumia sura yako, wewe uliye mtu mzima, angeitoa wapi? Sasa ligeuze: tuseme wewe ndiye uliyeagiza picha zote na hakimiliki ni yako kamili. Je, ungeweza kuchukua picha ya rafiki yako aliyekaa meza ya tatu, akiwa ameliweka buibui lake kitini, ukaiuza kwa mwenye ukumbi aitangazie biashara? Usingeweza, na nadhani hata binamu zako wasingekubali. Jibu la swali la kwanza linaweza kubadilika mara kumi bila jibu la swali la pili kutikisika.

Swali la pili linajibiwa na Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010, inayompa kila mtu haki ya faragha, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sheria hiyo inaihesabu kuwa data ya kibinafsi habari yoyote inayomhusu mtu anayetambulika, na sijui kitu kinachomtambulisha mtu kuliko uso wake. Kifungu cha 37 kinakataza data ya mtu kutumiwa kwa biashara bila idhini yake ya wazi, labda kama kuna sheria inayoruhusu, naye awe amearifiwa tangu data ilipochukuliwa. Kanuni zilizotolewa mwaka 2021 zinaeleza kwamba kumshawishi mtu anunue, akodi au ajiunge na huduma ni kutumia kwa biashara, na bango la duka halikutengenezwa kwa kazi nyingine. Kifungu cha 32 kinamtwika anayeitumia data jukumu la kuthibitisha kwamba alipewa idhini, tena kwa kusudi lililotajwa. Wewe huna haja ya kuthibitisha kwamba hukuitoa. Zaidi ya hayo, sheria yetu imeiweka hali ya ndoa na imani ya mtu miongoni mwa data nyeti, na picha ya bibi harusi wa Kiislamu usiku wa kupambwa inaweza kuyatangaza yote mawili kwa mara moja. Hoja hiyo ningeitia kwenye malalamiko.

Nije kwa binamu wa pili, ambaye hoja yake naiona nzito kuliko za wenzake, kwa sababu husemwa na watu wengi na huwafanya wanawake wengi wanyamaze. Anasema mia tatu walikuona, basi si siri. Kwamba walikuona ni kweli, na kwamba haikuwa siri ni kweli pia. Lakini kutoka hapo mpaka "kwa hivyo mpambaji anaweza kuitumia" kuna daraja ambalo halikujengwa. Sheria haikuuliza kama jambo ni siri. Inauliza ulikubali litumiwe kwa lipi. Ulikubali kuonwa na wanawake walioalikwa, kwa saa chache, ndani ya ukumbi ambao mlango wake ulikuwa na mtu wa kupokea simu. Sharti hilo la mlangoni lilikuwa tangazo la wazi kwa kila aliyeingia, mpambaji akiwa mmoja wao, kwamba kuonwa kule kungeishia mle ndani. Kuwa wageni walikuwa mia tatu badala ya thelathini hakukubadilisha kusudi lao.

Mfano ulio karibu ni uamuzi wa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Septemba 2023. Baa moja ya Nairobi, Casa Vera Lounge, iliyoko barabara ya Ngong, ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake katika mtandao wa kijamii bila idhini yake. Katika tangazo hilo hilo, shule ya Roma ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Fikiria: baa ni mahali ambapo yeyote mwenye nauli na fedha ya soda huingia, na mteja yule alionwa na kila aliyekuwepo. Kama huyo analindwa, bibi harusi aliyekuwa nyuma ya mlango uliofungwa atakosaje kulindwa?

Kuna jambo la kale linalofanana na lako mno, nami nalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu hoja utakazoambiwa zilikwisha kusemwa zaidi ya miaka 120 iliyopita. Katika jimbo la New York huko Marekani, msichana aitwaye Abigail Roberson alikuta sura yake kwenye mabango ya unga wa ngano. Kampuni ya unga ilikuwa imechapisha nakala zipatazo 25,000 na kuzitundika madukani, kwenye maghala na hata vilabuni, bila kumuuliza. Aliugua kwa fadhaa, akashtaki akidai fidia ya dola 15,000 na amri ya kuyazuia mabango. Mwaka 1902 mahakama ya juu ya jimbo ilimkatalia, majaji wanne dhidi ya watatu, na Jaji Mkuu Alton Parker aliyeandika uamuzi ule alitaja kwamba wapo ambao wangeifurahia sifa kama ile, kwa kuwa picha ilikuwa nzuri. Hasira ya watu ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka uliofuata bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kukataza sura ya mtu aliye hai kutumiwa katika matangazo ya biashara bila idhini yake ya maandishi. Mwaka 1904 Parker mwenyewe aligombea urais, akalalamika kwamba wapiga picha wanamfuata yeye na jamaa zake nyumbani, na Roberson akamwandikia barua, iliyochapishwa katika gazeti la New York Times, kumkumbusha kwamba ni yeye aliyeamua kuwa haki hiyo haipo.

Nakutajia hili kwa sababu najua utakayoambiwa, kama hujaambiwa bado: mbona umependeza, mbona picha ni nzuri, wengine wangefurahi. Uzuri wa picha hauhusiani kabisa na idhini. Sura yako ikitumiwa vizuri bila ruhusa, bado imetumiwa bila ruhusa, na aliyeumia kwa kuonwa kichwa wazi na kila apitaye barabarani hapunguziwi uchungu kwa kuambiwa amependeza.

Hoja ya mpambaji kwamba urembo ni kazi ya mikono yake sitaki kuipuuza, kwa maana ni mtu anayeishi kwa kazi hiyo na wateja huja kwa kuona. Huenda hata ana haki ya utunzi katika mchoro wa hina au piko alioubuni mwenyewe. Mwaka 2011 msanii aliyemchora bondia Mike Tyson alama ile ya usoni, yaani tatuu, aliishtaki kampuni ya filamu ya Warner Bros. kwa kuinakili juu ya uso wa mwigizaji katika filamu yake. Jaji hakuizuia filamu isioneshwe, ila aliliona dai lina nguvu, na pande mbili zikamalizana zenyewe. Tazama lakini msanii yule alidai nini: alidai mchoro wake usinakiliwe na wengine. Hakudai uso wa Tyson. Mpambaji wako naye anaweza kumzuia mshindani asiibe mtindo wa piko alioubuni, lakini mikono yake haikukutengenezea macho wala paji la uso. Angetaka kuonyesha kazi, njia zilikuwepo: kupiga picha ya viganja peke yake, kumpamba mtu aliyekubali na kulipwa kwa ajili hiyo, au kukuuliza. Sheria yenyewe inataka mtu anayetumia data kwa biashara aifiche nafsi ya mwenyewe pale inapowezekana.

Kuhusu filamu, nitakuambia ukweli ijapokuwa hukuniuliza: kupakua filamu zilizoibwa ni kuvunja hakimiliki, na mwenye filamu ana dai juu yako. Ila dai hilo ni la mwenye filamu. Kosa lako kwake haligeuki kuwa kibali kwa mpambaji, na binamu wa tatu hakuonyesha kwamba picha ilitumiwa kwa haki; alichofanya ni kuhamisha mazungumzo kutoka kwenye bango hadi kwenye tabia yako. Ukiingia kwenye mtego wa kujitetea mtamaliza siku nzima mkizungumzia filamu, na bango litakuwa bado limesimama. Mjibu kwamba huenda ana haki katika hilo, kisha urudi kwenye picha.

Sasa la kufanya. Kabla ya kuandika lolote, hifadhi ushahidi: piga picha ya skrini ya ukurasa ikionyesha jina la akaunti, tarehe na anwani ya chapisho, na upige picha ya bango pamoja na mbele ya duka. Tafuteni mkataba wa mpiga picha, kama upo, msome kila mstari. Ukikuta kipengele kinachomruhusu kutangaza kazi yake mwenyewe kwa picha zile, usivunjike moyo: ruhusa ya kujitangaza yeye haimfikii mpambaji, saini ya mama haifungi sura yako, na hata ungekuwa umetia saini wewe, kifungu cha 32 kinakuruhusu kuiondoa idhini wakati wowote, ingawa kuiondoa hakuyafanyi haramu yaliyotangulia.

Kisha waandikie wote wawili, kwa maana mpiga picha aliyeitoa picha naye ana la kujibu. Barua iwe fupi na ya heshima, itaje kifungu cha 37 na cha 40 (kinachohusu kufutwa kwa data) vya Sheria ya Ulinzi wa Data, iombe picha iondolewe na nakala zifutwe, na iwape siku 14, ambao ndio muda uliowekwa na kanuni za 2021 wa kujibu ombi la kufuta. Usiingize hakimiliki katika barua hiyo hata kidogo. Ukiitaja utawapa nafasi ya kukuburura kwenye ubishi wa nani alilipa nini. Mama, kama ndiye mwenye hakimiliki, anaweza kuwaandikia Instagram kwa jina lake kupitia fomu yao ya madai ya hakimiliki, na njia hiyo wakati mwingine huondoa chapisho upesi. Lakini hiyo ni haki yake, na asiitumie kabla ya kuhakikisha mkataba hausemi vingine.

Wakikaidi, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo hupokea hata kwa mtandao. Kwa sheria malalamiko yanapaswa kuchunguzwa na kuamuliwa ndani ya siku 90. Kifungu cha 65 kinaruhusu fidia, na kinataja waziwazi kwamba madhara si hasara ya fedha peke yake, bali hata fadhaa ya moyo. Jambo ambalo sheria haitakusaidia nalo ni shangazi aliyemtumia dada yake wa Muscat picha zako za siku ya harusi kwa furaha. Matumizi ya kibinafsi na ya nyumbani yameachwa nje na kifungu cha 51, na huyo mwombe kwa mdomo tu.

Kwa ajili ya mdogo wako, andikeni maneno haya katika karatasi moja na kila anayeingia ukumbini kwa kazi atie saini: "Picha au video yoyote inayoonyesha sura ya bibi harusi au ya mgeni haitachapishwa, haitaoneshwa wala kupewa mtu mwingine kwa kusudi lolote bila idhini ya maandishi ya mwenye sura, kwa picha hiyo mahususi. Picha zote zitakabidhiwa kwa bibi harusi, na nakala zitafutwa baada ya makabidhiano." Asaini mpiga picha, mpambaji, mchora piko na wasaidizi wao, ambao mara nyingi hupita mlango wa nyuma na masanduku ya vipodozi, simu zao zikiwa mifukoni. Mpiga picha akisema anataka hakimiliki ibaki kwake, mkubalieni kama bei inawaridhisha na iandikwe hivyo, mradi maneno ya sura yasibadilishwe.